Nyumba ya Kimara na Mkopo wa Milioni 60: Uchambuzi wa Kisa cha Mwekezaji Anayeanza

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu mtumishi wa umma wa jijini Dar es Salaam, mwanamke wa miaka 41, aliyetaka kununua nyumba yake ya kwanza ya kupangisha huko Kimara kwa kutumia akiba yake pamoja na mkopo wa benki. Kimepangwa kwa ajili ya kujifunza: mnunuzi, nyumba na bei ni za mfano, ila sheria, kodi na taratibu zinazotajwa ndizo zinazomkabili mnunuzi yeyote nchini Tanzania. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha dhana moja inayowaumiza wengi wanaoanza, nayo ni kuamini kwamba benki ikishakubali kukopesha, basi imekwisha kuthibitisha kuwa biashara yenyewe ni nzuri. Katika kisa hiki benki ilikubali, lakini nyumba haikuwa na uwezo wa kuubeba mkopo huo.

Nyumba iko ndani kidogo ya Barabara ya Morogoro, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha mabasi. Ndani ya uzio mmoja kuna makazi sita ya kupangisha: matatu ni ya chumba na sebule yenye jiko na choo chake, na matatu ni vyumba masta. Muuzaji alitaka shilingi milioni 95. Dalali alimweleza mnunuzi kuwa chumba na sebule hupangishwa kwa shilingi 180,000 kwa mwezi na chumba masta kwa 100,000, hivyo nyumba nzima huingiza 840,000 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya milioni 10 kwa mwaka. "Dada, hii nyumba inajilipa yenyewe ndani ya miaka tisa," alisema, na ukigawa bei kwa pango la mwaka unapata takribani miaka tisa na nusu. Hesabu hiyo haina kosa la kugawanya. Kosa lake ni kwamba imechukua pango linalotajwa badala ya pango linalolipwa, na tena imechukulia kwamba kila shilingi inayoingia itabaki.

Mnunuzi alikuwa na shilingi milioni 29 taslimu, sehemu yake ndogo ikiwa ni akiba ndani ya SACCOS ya kazini, pamoja na kiwanja huko Chamazi alichokadiria kukiuza kwa milioni 18. Jumla ni milioni 47. Benki ilikuwa tayari kumpa milioni 60 kwa miaka 15, kwa riba ya asilimia 16 inayotozwa kwenye salio, na rejesho la kila mwezi lilikuwa takribani shilingi 881,000. Riba ya kiwango hicho si ya ajabu katika soko letu. Tangu Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na tangu kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, muda wa mikopo umerefuka hadi kufikia miaka 20 na 25, lakini kwa miaka mingi riba imeendelea kuwa kati ya asilimia 15 na 19.

Ni lazima kueleza jinsi benki ilivyofikia uamuzi wake. Mshahara wa mnunuzi ni shilingi milioni 2.4. Makato ya lazima, yaani kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima ya afya, yanakaribia 700,000. Kanuni inayomlinda mtumishi wa umma inataka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote, yaani 800,000 kwa huyu. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukatwa mkopo ni karibu 900,000, na rejesho la 881,000 linaenea kwa shida. Hapo benki ikaridhika. Ilikuwa na mshahara unaopitia kwake, ingekuwa na hati ya nyumba kama dhamana, na mthamini wake angekadiria si thamani ya sokoni tu bali pia thamani ya mauzo ya haraka, ambayo ndiyo benki hutegemea siku mambo yakiharibika. Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali palipoulizwa kama pango la nyumba hii linaweza kulipa deni lake. Benki imejilinda ipasavyo na hatuna sababu ya kuilaumu. Swali hilo ni la mnunuzi, na asipojiuliza yeye hakuna mwingine atakayemuuliza.

Hatua ya kwanza ya kulijibu ni kuzungumza na wapangaji, na hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo mengi. Mnunuzi alirudi jioni, wakati watu wametoka kazini, akaomba kwa heshima kuona mikataba ya upangaji na risiti za malipo ya mwisho. Wapangaji wawili wa chumba na sebule walikuwa wakilipa 150,000, si 180,000. La tatu lilikuwa tupu, na jirani mmoja alieleza kuwa limekaa hivyo tangu mvua za masika kwa sababu ya paa kuvuja. Vyumba masta viwili vililipwa 80,000 kila kimoja. Cha tatu alikaa mama mmoja asiyelipa kitu, na alipoulizwa alijibu kwamba yeye ni dada wa muuzaji, na kwamba anaishi pale kwa haki yake.

Jibu hilo la mwisho lina uzito kuliko tofauti zote za pango. Upekuzi uliofanywa kwenye ofisi ya msajili wa hati ulionyesha kuwa hati miliki ni halali na haina rehani, lakini jina lililoandikwa ni la marehemu baba yao. Muuzaji alikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza kuwa msimamizi wa mirathi, na aliuonyesha kwa nia njema kabisa, akiamini unatosha. Hautoshi. Kikao cha ukoo hupendekeza. Mahakama ndiyo huteua. Mpaka msimamizi awe na barua ya uteuzi wa mahakama na jina lake liandikishwe kwenye hati kwa nafasi hiyo ya usimamizi, hana uwezo wa kuihamisha nyumba kwa mtu mwingine, hata kama warithi wote wameketi mezani wakitabasamu. Na dada aliyeko chumbani ni mrithi. Kama hajaafiki mauzo, anaweza kufungua shauri, na mnunuzi aliyelipa atajikuta ndani ya mgogoro wa familia isiyo yake huku makato ya mkopo yakiendelea kila mwisho wa mwezi.

Anayeanza mara nyingi hutenganisha mambo haya mawili: hati anamwachia wakili na pango anamwachia dalali. Kisa hiki kinaonyesha kuwa ni uchunguzi mmoja. Chumba kisicholipiwa kilikuwa dalili ya kwanza ya kasoro ya umiliki, na kilionekana na mtu aliyekwenda kuhesabu pango kabla wakili hajafungua jalada. Ndiyo maana ninashauri kwa msisitizo kwamba mnunuzi aende mwenyewe, chumba kwa chumba, na kila makazi ambayo hayalipi yatolewe maelezo yanayoridhisha.

Kulikuwa na jambo jingine la eneo lenyewe. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro hadi Kibaha, na hifadhi ya barabara katika sehemu hiyo ni pana, zaidi ya mita 100 kila upande. Nyumba yetu iko mbali kiasi cha kutosha, lakini mnunuzi alifanya vema kuthibitisha mipaka kwa ramani ya upimaji pamoja na ofisi ya serikali ya mtaa badala ya kutazama tu kama ukuta una alama ya X ya kubomolewa. Kutokuwepo kwa alama si ushahidi.

Sasa tuipige hesabu ya nyumba kwa pango halisi. Tukichukulia kwamba suala la mirathi limemalizika, paa limezibwa na makazi yote sita yana wapangaji, pango ni 150,000 mara tatu na 80,000 mara tatu, jumla 690,000 kwa mwezi au milioni 8.28 kwa mwaka. Nyumba haijai mwaka mzima. Mpangaji akihama, kuna kupaka rangi, kuna kusubiri, kuna dalali kuleta watu. Mwezi mmoja mtupu kwa kila makazi kwa mwaka ni kadirio la kiasi, na baada ya kuutoa kinabaki milioni 7.59.

Kutoka hapo inatoka kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, yaani shilingi 759,000. Wapo wenye nyumba wasioilipa, na mnunuzi aliambiwa hivyo na zaidi ya mtu mmoja, lakini hesabu inayosimama kwa sharti la kukwepa kodi ni hesabu ya biashara iliyokwisha kufeli kabla ya kuanza. Kodi ya jengo ni ndogo: kwa nyumba isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi inayokatwa kupitia LUKU, nasi tumeiweka pamoja na pango la ardhi katika makadirio ya 70,000 kwa mwaka. Matengenezo tumeyapa asilimia 10 ya pango kamili, karibu 830,000. Kunyonya maji taka kwa familia sita zinazotumia shimo moja kumekadiriwa kuwa 300,000. Taa za uani, maji ya pamoja na usafi ni 240,000, na bima ya jengo ambayo benki itaidai ni 150,000. Baada ya yote hayo nyumba inabakiza takribani shilingi milioni 5.24 kwa mwaka, sawa na 437,000 kwa mwezi.

Rejesho la mkopo ni milioni 10.57 kwa mwaka. Nyumba inalipa nusu ya deni lake. Nusu nyingine, takribani shilingi 445,000 kila mwezi, itatoka kwenye mshahara kwa miaka 15. Na tuwe waangalifu hapa, kwa sababu dalali angeweza kusema kuwa mnunuzi amekadiria kwa woga. Tuchukue basi maneno yake yote kuwa kweli, pango la 840,000 kwa mwezi, na tutoe tu mwezi mmoja wa utupu na gharama zilezile: kinachobaki ni kama milioni 6.55. Bado ni pungufu ya rejesho kwa milioni nne. Kwa maneno mengine, hata kama dalali hakutia chumvi, nyumba haikuweza kubeba mkopo ule.

Chanzo chake ni rahisi kukiona ukishaweka namba mbili pamoja. Gharama kamili ya kuipata nyumba si milioni 95. Kuna ushuru wa stempu wa karibu asilimia 1, wakili, uthamini na ada za uhamisho, ambavyo tumevikadiria kuwa milioni 4.5, na kuna paa na shimo la maji taka vinavyohitaji milioni 6 kabla ya mpangaji mpya kuingia. Jumla ni milioni 105.5. Mapato halisi ya milioni 5.24 juu ya kiasi hicho ni asilimia 5 hivi. Fedha inayokopwa kwa asilimia 16 ili kununua kitu kinachozaa asilimia 5 humpunguzia mnunuzi kila mwaka, na kadiri anavyokopa zaidi ndivyo anavyopungukiwa zaidi. Wawekezaji wa nchi ambazo mkopo wa nyumba hupatikana kwa riba ya chini kuliko zao la nyumba, yaani asilimia ambayo nyumba huzaa kwa mwaka, wanayo sababu ya kukopa sana; ushauri wao ukiletwa hapa bila kubadilishwa namba, unaharibu watu. Ili kuona ukubwa wa pengo, hatifungani za muda mrefu za Serikali zilizouzwa mwaka 2024 zilimpa mwekezaji zaidi ya asilimia 15, bila paa wala shimo la kunyonywa.

Afisa wa mikopo, kwa kutaka kusaidia, alipendekeza muda urefushwe hadi miaka 25. Rejesho lingeshuka hadi takribani 815,000, nafuu ya shilingi 66,000 tu kwa mwezi, ilhali jumla ya malipo ingepanda kutoka kama milioni 159 hadi karibu milioni 245. Sababu ni kwamba kwa riba ya asilimia 16 karibu rejesho lote la miaka ya mwanzo ni riba. Hata katika mpango wa miaka 15, mwaka wa kwanza mnunuzi angelipa milioni 10.57 na deni lingepungua kwa milioni 1.05 tu.

Hoja iliyobaki ilikuwa ya kupanda kwa thamani. Ni hoja ya kweli, na ardhi ya Kimara yenye hati imewanufaisha wengi walioishika kwa muda mrefu. Ila kupanda kwa thamani hakulipi rejesho la mwezi huu. Hupatikana siku ya kuuza, na hupatikana na yule tu aliyeweza kuishika nyumba mpaka siku hiyo. Mnunuzi wetu, baada ya kutoa milioni 45.5 zake kujazia mkopo, angebaki na akiba ya milioni 1.5. Makazi mawili yakikaa matupu kwa miezi minne, au pampu na paa vikidai fedha mwezi mmoja, angelazimika kukopa tena, na safari hii kwa masharti mabaya zaidi. Kuna pia suala la mpangilio wa fedha ambalo anayeanza halioni: wapangaji wengi hulipa kwa miezi mitatu au sita, fedha inaingia kwa mkupuo, wakati benki inadai kila mwezi. Bila akaunti ya pekee isiyoguswa, pango la miezi sita huonekana kuwa utajiri mwezi wa kwanza na huwa limekwisha mwezi wa tatu.

Muuzaji alishusha bei hadi milioni 82, lakini akasisitiza kuwa ni fedha ya mkononi, akimaanisha kwamba kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni yake, ilipwe na mnunuzi. Desturi hiyo imeenea sana, na haifai kupita bila kuandikwa kwenye mkataba, kwa sababu uhamisho haukamiliki mpaka kodi hiyo ilipwe TRA. Kwa bei ya 82 na mkopo uliopungua hadi milioni 47, rejesho la mwaka lingekuwa milioni 8.28 na upungufu ungebaki milioni 3 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu kodi ya muuzaji.

Njia sahihi ya kujua bei ni kuanza na nyumba na kurudi nyuma. Mapato halisi ni milioni 5.24. Ili kuwe na nafasi ya kuteleza, mapato yazidi rejesho kwa robo, hivyo rejesho lisivuke milioni 4.19 kwa mwaka. Kwa riba na muda ule ule, rejesho hilo linabeba mkopo wa takribani milioni 24. Ukijumlisha na fedha zake baada ya kutenga gharama za ununuzi, ukarabati na akiba ya milioni 3, bei ya juu kabisa anayoweza kuilipa kwa usalama ni kama milioni 57. Pengo kati ya 57 na 82 halizibwi kwa kubembelezana. Mnunuzi aliitoa bei yake kwa maandishi, pamoja na sharti kwamba mirathi ikamilishwe mahakamani na warithi wote watie sahihi. Muuzaji alikataa, na kwa upande wake hakukosea: nyumba yenye ardhi pale inaweza kumpata mnunuzi wa taslimu asiye na riba ya kuogopa.

Lililofuata ni kukitazama upya kile kiwanja cha Chamazi alichokuwa tayari kukiuza. Makadirio ya fundi, yaliyoongezewa asilimia 15 kwa tahadhari, ni milioni 24 kwa kujenga huko makazi mawili ya chumba na sebule pamoja na shimo, maji na kibali cha ujenzi. Pango la huko ni la chini, 130,000, na baada ya mwezi mtupu, kodi na matunzo yanabaki kama milioni 2.12 kwa mwaka. Tukihesabu pia thamani ya kiwanja, zao ni asilimia 5, sawa kabisa na Kimara. Ni muhimu kulisema hili wazi, kwa sababu wengi huamini kujenga ni bora daima. Awamu ya kwanza ya Chamazi haizai zaidi. Tofauti yake ni kwamba haina deni, hati ni ya mnunuzi mwenyewe, na milioni 5 zinabaki kama akiba.

Faida inaonekana katika awamu ya pili. Shimo, maji na uzio vikiwa tayari, makazi mengine mawili yanakadiriwa kugharimu milioni 18, kiasi ambacho SACCOS yake inaweza kumpa kwa kuwa wakati huo atakuwa na akiba ya milioni 6 humo na kikomo ni mara tatu ya akiba. Kwa asilimia 12 ya salio na miaka minne, rejesho ni 474,000 kwa mwezi. Makazi manne yakibakiza milioni 4.25 kwa mwaka, mshahara unachangia 120,000 kwa mwezi kwa miaka minne, kisha nyumba inakuwa huru. Linganisha na 445,000 kwa miaka 15. Hatari zake zipo: fundi anaweza kuchelewa, saruji na nondo vinaweza kupanda, na wadhamini wake SACCOS watabanwa endapo atashindwa. Lakini kila hatari kati ya hizo inaweza kusimamishwa katikati, kwa kuacha awamu ya pili ingoje.

Mnunuzi ameanza msingi wa awamu ya kwanza na amekubaliana na mumewe kwamba ombi la SACCOS halitapelekwa mpaka makazi mawili ya mwanzo yawe na wapangaji waliolipa kwa miezi sita mfululizo. Nyumba ya Kimara ataiangalia tena kwa masharti mawili tu: jina la msimamizi liwe limeandikwa kwenye hati, na bei au riba iwe imeshuka kiasi cha mapato halisi kuvuka rejesho kwa robo.